Shajara ya Ofisa Manunuzi: Nani Atuletee Mahindi

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mzee, bosi wetu, anataka jina moja kabla mwezi haujaisha: nani atauzia kinu mahindi msimu huu. Wazabuni wamebaki watatu. Humu nawaita A, B na C.

A ni mfanyabiashara anayekusanya soko la Kibaigwa. Fuso lake likiondoka asubuhi, mchana liko kwenye mzani wetu hapa Morogoro. B ni chama cha wakulima wa Songea. Mahindi yao ni safi na bei inavutia, ila njia ni ndefu: Njombe, Makambako, Iringa, kisha mlima Kitonga, ambako semi moja ikikwama kila aliye nyuma analala hapo hapo. C ni dalali mwenye bei ambayo wenzake hawaisogelei.

Miaka yote uamuzi huu tumeufanya kwa mdomo. Anayeongea kwa sauti ndiye anayeshinda, na ikifika Agosti hakuna anayekumbuka C au mwingine aliachwa kwa sababu gani. Safari hii nitaandika vigezo, uzito wa kila kigezo, na maneno ya kila mtu kama alivyoyasema.

Jumatano, 8 Mei

Nimerudia somo la Dickson. Mwaka 1966 aliwauliza maofisa manunuzi wa Marekani na Kanada wanatazama nini kwa muuzaji, akapata vigezo 23. Cha kwanza kilikuwa ubora, cha pili kufikisha mzigo kwa wakati, cha tatu historia ya utendaji. Bei ilikuwa ya sita.

Nikimwonyesha Mzee hiyo ya sita ataniuliza kama Dickson amewahi kuuza sembe. Na atakuwa na hoja. Katika kinu, mahindi ndiyo gharama karibu yote. Muuzaji akipandisha kidogo tu, faida ya kilo imekwisha. Orodha ya mtu mwingine inakukumbusha usichokiona, lakini uzito lazima utoke kwenye biashara yako.

Vigezo 23 ni vingi mno kwa waamuzi watatu wenye kazi nyingine: Mzee, fundi mkuu na dada wa maabara. Nimebakiza vitatu: bei (pamoja na siku za kulipa), ubora (unyevu, punje zilizovunjika, takataka), na wakati.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nilikaa na Mzee kupanga uzito kwa njia ya Saaty: kulinganisha vigezo viwili viwili, kwa ngazi ya 1 hadi 9. Sikumwonyesha jedwali, nilimuuliza tu.

Bei na ubora? "Bei, mara 3."

Ubora na wakati? "Ubora, mara 3."

Wakati na bei? Akafikiri. "Mashine zikisimama bei itanisaidia nini? Wakati, mara 2."

Basi bei imeushinda ubora, ubora umeushinda wakati, na wakati umeishinda bei. Mduara. Saaty ana kipimo cha kugundua mizunguko ya namna hii, na anataka kisizidi 0.10. Cha Mzee kilitoka 0.86. Nilimwonyesha, akacheka, akasema, "Mwanangu, hayo yote matatu ni kweli."

Na ni kweli, kila moja kwa siku yake. Alipojibu swali la kwanza alikuwa anawaza benki, alipojibu la mwisho alikuwa anawaza mashine zilizosimama. Kipimo hakikumwambia amekosea wapi. Kilitulazimisha tukae tuulizane tunazungumzia siku ipi. Tulimaliza hivi: bei na wakati sawa, kila kimoja mara 2 ya ubora. Yaani 0.40, 0.40 na 0.20.

Dada wa maabara hatafurahi na hiyo 0.20.

Jumanne, 14 Mei

Tumefika kwenye alama. Ukimwambia fundi mkuu ampe A alama kati ya 10, atakupa 7, na kesho atakupa 8 kwa mtu yule yule. Anachokijua si 7 wala 8. Anachokijua ni kwamba A "yuko vizuri". Namba moja inamsingizia uhakika ambao hana.

Hapa ndipo fazi inapoingia. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, aliandika makala yake ya seti za fazi mwaka 1965: kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiasi, bila kulazimika kuwa ndani kabisa au nje kabisa. Mwaka 1970 yeye na Bellman walilipeleka wazo hilo kwenye kufanya maamuzi. Na mtu aliyeonyesha kwamba maneno ya kawaida yanaweza kuendesha mtambo ni mzaliwa wa kwetu: Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1942. Akiwa Queen Mary College, London, yeye na mwanafunzi wake Assilian waliendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za aina ya "presha ikiwa juu kidogo, punguza moto kidogo". Makala yao ni ya 1975. Miaka 12 baadaye treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilikuwa zikifunga breki kwa fazi.

Mimi nahitaji kidogo tu ya hayo. Kila neno nimelipa pembetatu ya namba tatu: chini kabisa, katikati, juu kabisa.

Dhaifu: 0, 2.5, 5.
Wastani: 2.5, 5, 7.5.
Nzuri: 5, 7.5, 10.
Nzuri sana: 7.5, 10, 10.

Zinapandana makusudi. Kitu chenye 6.25 ni nusu wastani, nusu nzuri, na ndivyo watu wanavyosema: "wastani, lakini unaelekea uzuri."

Nijikumbushe jambo moja ambalo vitabu vingi hupita haraka. Upana wa pembetatu si bahati nasibu. "B huchelewa kidogo" ni neno lisilo na mpaka mkali. Hata nikijua saa kamili ya kila lori, bado tutabishana "kidogo" inaishia wapi. "Huenda lori la kesho likachelewa" ni uwezekano, na dawa yake ni kumbukumbu za getini. Zote mbili tunaziita wasiwasi, ila hazitibiwi pamoja.

Ijumaa, 17 Mei

Kikao. Mzee, fundi mkuu, dada wa maabara. Kila mtu aliandika maneno yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Hilo peke yake lilikuwa na thamani ya wiki nzima, kwa sababu Mzee akishasema hakuna anayebaki na neno tofauti.

A: bei wastani, nzuri, wastani. Ubora wastani kwa wote. Wakati nzuri sana, nzuri, nzuri sana.
B: bei nzuri sana, nzuri, nzuri. Ubora nzuri, nzuri sana, nzuri. Wakati wastani, wastani, dhaifu.
C: bei nzuri sana kwa wote. Ubora dhaifu, dhaifu, wastani. Wakati nzuri kwa wote.

Nilichukua wastani wa pembetatu tatu, nikazidisha kwa uzito, nikajumlisha. A alipata (4.50, 7.00, 8.83). B akapata (4.17, 6.67, 8.67). C akapata (5.17, 7.67, 9.17). Ukikusanya kila pembetatu kuwa namba moja ya katikati: C 7.33, A 6.78, B 6.50.

Mzee akapiga meza: "Si nilisema?" Amekuwa akimtaka C tangu bei zifunguliwe.

Dada wa maabara hakusema kitu. Alisukuma karatasi ya majibu ya sampuli katikati ya meza.

Jumatatu, 20 Mei

Karatasi yenyewe: sumukuvu (aflatoksini) kwa jumla, mikrogramu 14 kwa kilo, kwenye mahindi ya C. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1 peke yake. A na B wote wako chini ya viwango hivyo.

Majibu nilikuwa nayo tangu Alhamisi. Nilimwacha C kwenye jedwali makusudi, ili kila mtu aone kwa macho hesabu hii inafanya nini ikiachwa peke yake. Njia zote za kujumlisha alama kwa uzito zina tabia moja: kizuri hufidia kibaya. Bei nzuri sana ilinunua sumu, ikapata chenji. Hata TOPSIS ya Hwang na Yoon ya mwaka 1981, inayopima kila mzabuni yuko mbali kiasi gani na aliye bora kabisa na aliye duni kabisa, ina tabia hiyo hiyo; kuivisha fazi hakuiondoi.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walikufa 125, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa na sumu. Hakuna punguzo la bei linalolipia hayo, kwa hiyo hakuna uzito unaoweza kuwekwa hapo. Si 0.20, si 0.60.

Kwa hiyo tumeweka lango kabla ya jedwali. Mzigo unaozidi 10 kwa jumla, au 5 kwa B1, hauingii kwenye alama kabisa. Unyevu nao una lango, asilimia 13.5, chini ya hapo ndipo tunaweza kuzungumzia "mkavu" na "mkavu sana".

Fundi mkuu akauliza: kama maneno yetu yana upana, mbona 10 isiwe na upana? Swali zuri. Kipimo cha sumukuvu kina mashaka yake, tena makubwa, kwa kuwa sumu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, na bambo likizikosa mzigo unaonekana safi. Lakini mashaka hayo yanatutaka tuchome bambo kwenye magunia mengi zaidi, tuchanganye, tupime tena. Kulegeza mpaka kungekuwa kumpa mlaji mashaka yetu ayale.

C ametoka. Mzee alisaini bila kuongea, halafu mlangoni akasema, "Rahisi ghali."

Alhamisi, 23 Mei

Wamebaki A na B, 6.78 kwa 6.50. Kutoka kwa C hakukugusa alama zao, kwa kuwa kila mmoja alipimwa kwa maneno yake mwenyewe. Tungekuwa tumewalinganisha wao kwa wao, kumwongeza au kumtoa mmoja kungeweza kugeuza mpangilio wa wengine. Belton na Gear walilionyesha hilo kwa njia ya Saaty mwaka 1983.

Mzee anasema A ameshinda, twende. Mimi naona pembetatu ya kila mmoja ina upana unaozidi 4, na tofauti ya katikati zao ni 0.28. Nimejaribu kuhamisha 0.05 tu ya uzito kutoka wakati kwenda bei: B anapata 6.69, A 6.64. Wamebadilishana nafasi. Na hiyo 0.05 Mzee huisogeza kila akitoka benki.

Kuna wanaochukia kabisa mchanganyiko huu wa fazi na vigezo vyenye uzito. Saaty mwenyewe alipinga kutia fazi kwenye njia yake. Alisema hukumu za watu tayari zina utata wao ndani, na kuziongezea mwingine hakuzifanyi kuwa sahihi. Na njia ya Chang ya mwaka 1996 ya kutia fazi humo, inayotumika sana kwenye tasnifu, imeonyeshwa kwamba inaweza kukipa kigezo halali uzito wa sifuri. Namsikiliza Saaty. Fazi haijanipa jibu sahihi zaidi. Imenizuia kuichukua 0.28 kama ushindi, na kwa mwezi huu hilo linanitosha.

Ijumaa, 31 Mei

Tumeamua, na jina si moja.

Kilichofungua njia ni swali la fundi mkuu: kwa nini wakati una 0.40? Kwa sababu mashine zikikosa mahindi zinasimama. Na kwa nini zinakosa? Kwa sababu stoo yetu inashika mahindi ya siku chache tu. Kumbe ule uzito haukuwa maoni ya Mzee. Ulikuwa ukubwa wa stoo. Kuna ghala tupu jirani, la kukodi. Tukilijaza, lori la Songea likilala Kitonga siku mbili hakuna anayeshtuka.

Nikashusha wakati hadi 0.25, bei 0.50, ubora 0.25. B akapanda hadi 7.08, A akashuka hadi 6.32. Kisha nikamtoza B gharama za ghala: kodi, dawa ya dumuzi, fedha iliyokaa kwenye magunia. Neno la Mzee kwenye bei ya B likashuka kutoka nzuri sana hadi nzuri. Bado 6.81. Sasa pengo lipo, na halipotei nikigusa uzito kidogo.

A atatulisha Juni na Julai, wakati Songea bado wanavuna na kukausha. B atajaza ghala kuanzia Agosti. Wote wawili watapita langoni, kila mzigo, bila kujali undugu wala punguzo. C ameambiwa namba ya majibu yake na kiwango kinachotakiwa; akija na mahindi safi atapimwa kama wengine.

Mzee amesaini mikataba miwili. Jedwali nimeliambatanisha na maneno ya kila mtu, tarehe na uzito, ili Agosti tusibishane kwa kumbukumbu. Na mwakani, kabla ya kumuuliza Mzee wakati una uzito gani, nitamuuliza mtunza stoo ana mahindi ya siku ngapi.