Kibondo Bado Tunasema RTD

Mzee wa Kibondo au Kasulu akikuambia "fungulia RTD tusikie habari", usihangaike kumsahihisha. Redio hiyo ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, chini ya serikali ya mkoloni. Mwaka 1956 likaundwa shirika, TBC ya Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuichukua redio mikononi mwake. Ndiyo RTD yenyewe. Mwaka 2002 ikaja TUT, na 2007 likaundwa shirika tena: TBC. Miaka 51, tumerudi kwenye herufi zilezile tatu!

Huku kwetu milimani mabadiliko hayo hayakupiga kelele. Sisi tulichojua ni matangazo ya vifo. Mtu amefariki kijijini, mwanawe yuko Tabora au Dar, simu hakuna. Ukoo mzima unamtegemea msomaji alitamke jina sawasawa. Betri zilianikwa juani mchana kutwa, na muziki ulizimwa ili zisiishe kabla ya saa hiyo. Maana ya mali ya umma niliipata pale, kabla sijaisoma popote: jina la mkulima wa muhogo linasomwa na sauti ileile inayomsoma waziri.

Ila kuna jambo ambalo wamiliki wote hao waliachiana kama lilivyo. Iwe shirika, idara au taasisi, redio ya taifa haikuongea Kiha. Hoja ya lugha moja naijua, na kwa kiasi kikubwa naikubali. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwenye redio hiyohiyo. Lakini bibi yangu alikishika nusunusu tu. Alichosikiliza akacheka ni redio ya Burundi, maana Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu mno. Baadaye ikaja Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Jina lake hakuhitaji kutafsiriwa: matumaini. Yaani mkimbizi aliyevuka mpaka juzi alitengewa matangazo kwa lugha yake, na mwenyeji akawa anadandia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hafungulii ya Dar es Salaam.

"Ile ni ya serikali, mjukuu wangu," akasema. Wala hakuwa na kinyongo. Alisema kama mtu anayekuonyesha mpaka wa shamba la jirani.