Kabla Hujailipia Ile Impreza

Eldoret

Mpwa wangu mpendwa,

 

Barua yako nimeisoma na nimekuelewa. Una mkopo wa SACCO mkononi na magari mawili machoni: Mazda Demio ya 2017 na Subaru Impreza WRX ya 2006, bei zao zikiwa karibu sawa. Umeniuliza mimi kwa sababu nauza spea. Basi nitakujibu kwanza kama muuza spea, ushangazi utafuata baadaye.

Baba yako ameshanipigia simu. Anasema gari la turbo si la msichana. Hiyo sababu itupe. Mwaka 1983 mwanamke Mfaransa, Michèle Mouton, alimaliza Safari Rally akiwa wa tatu, ndani ya Audi Quattro, akiwaacha nyuma wanaume waliozaliwa na kulelewa kwenye barabara hizi. Ukiichukua Demio, isiwe kwa ajili ya maneno ya baba yako.

Wala sitakudanganya kwamba Impreza haina lake. Mji wetu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hii nyepesi ndiyo inayowaleta wanariadha wa dunia nzima Iten kufanya mazoezi, lakini injini isiyo na turbo haifaidiki nayo. Hupoteza kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Demio ya 1300cc ilitoka kiwandani na nguvu farasi 92. Kwetu hesabu 70 na kitu. Ipandishe Timboroa, kule kunakozidi mita 2,700, ukiwa na watu wanne na gunia la viazi, utashusha gia na kulifuata lori kwa subira mpaka upate nafasi. Turbo huisukumia injini hewa kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauitishi sana. Na msimu wa mvua, ile njia ya kwenda kwa nyanya yako Moiben ikigeuka matope, magurudumu manne yanayovuta pamoja si mapambo. Demio iko chini, na kuna siku utaiacha kwenye lami uende kwa miguu au kwa boda.

Yote hayo nayakubali. Sasa tazama umri.

Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake Impreza ya 2006 inakanyaga barabara za Kenya tangu kabla ya 2015. Imepita mikononi mwa nani? Hakuna anayenunua WRX ili aende nayo sokoni polepole. Kwa kawaida mwenye gari wa kwanza hulitunza, wa pili hufunga ekzosi yenye mlio, wa tatu humwita kijana mwenye kompyuta amwongezee presha ya turbo. Kila mmoja hustarehe kwa zamu yake, kisha huuza. Anayekuja mwisho ndiye anayeletewa bili, na mwuzaji amekulenga wewe.

Nikwambie bili zenyewe. Injini ile, pistoni zake zimelala ubavu, mbili kila upande, kwa hiyo ina hedi mbili na gasketi mbili. Mkanda wake wa taiming hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa mbio, vali na pistoni hugongana, na hapo unazungumzia injini nyingine. Halafu iliundwa kwa petroli ya oktani ya juu wanayouza Japani. Ukiipa petroli ya kawaida na presha imeshaongezwa, injini hugonga ndani kwa ndani mpaka pistoni inapasuka. Turbo nayo haisamehe oili iliyopungua.

Mwenye Demio akija dukani huomba plagi, filta, pedi za breki au bushi, na jioni gari lake liko barabarani. Mwenye WRX huja na picha kwenye simu. Spea mpya tunaagiza. Ya mtumba tunaitafuta Nairobi, Kirinyaga Road, na wakati huo wote gari liko juu ya mawe kwa fundi. Wateja hao wananipa faida nzuri. Sitaki faida hiyo itoke kwenye mshahara wako.

Petroli nayo. Kila tarehe 14 mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya. Wewe fanya hesabu kwa shilingi 180 kwa lita. Tuseme kazini, kanisani na nyumbani unafika kilomita 1,000 kwa mwezi. Demio ikienda kilomita 15 kwa lita, utatumia kama 12,000. WRX ikienda kilomita 8, ni 22,500. Tofauti ni shilingi 10,500 kila mwezi, hata kabla ya fundi kufungua boneti. Kumbuka hiyo namba, nitairudia.

Lakini linalonikosesha usingizi ni bima. Kampuni nyingi hazikubali kutoa bima kamili kwa gari lililopita miaka 15 hivi. Impreza hiyo imeshapita. Utabaki na bima ya mtu wa tatu, inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe. Ikiibiwa au ikipinduka, gari limekwenda na mkopo umebaki. Na mkopo wa SACCO una wadhamini. Wauguzi wenzako wa wodi moja waliokutilia saini ndio watakaokatwa ukishindwa. Hiyo si hasara ya pesa tu. Utaonana nao kila zamu.

Kuhusu usalama, nitasema kwa uangalifu. Tarehe 11 Februari 2024 tulimpoteza Kelvin Kiptum, kijana aliyekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, kwenye ajali ya gari huku Kaptagat. Gari lilikuwa Toyota Premio, gari ambalo kila mtu hulisema ni la wazee na familia. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukiwa na Demio umeshajilinda. Barabara zetu zina trekta zisizo na taa, ng'ombe, na wakimbiaji alfajiri. Faida ya Demio ni kwamba breki zake, mifuko yake ya hewa na mfumo wake wa kuzuia gari lisiteleze ni vya juzi. Vya Impreza vina karibu miaka 20, na hakuna fundi wa kando ya barabara anayeweza kukuhakikishia kwamba mfuko wa hewa utafunguka.

Kwa kuwa unapenda habari za rally, nikukumbushe moja. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari Rally kigari kinachoitwa Vivio, injini ya 660cc, nusu ya Demio. Colin McRae alikikimbiza mpaka wenye magari makubwa wakashangaa, kikamvunjikia njiani. Patrick Njiru wetu akakiendesha chake kwa akili, akakifikisha mwisho katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata, 1994, Njiru alikaa ndani ya Impreza na akamaliza wa nne. Hakuambiwa aache kupenda mbio. Kigari kidogo ndicho kilichotangulia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chukua Demio, na zile 10,500 ziingie kwenye akiba yako ya SACCO kila mwezi kana kwamba bado unazichoma. Baada ya miaka mitatu ni 378,000. Wakati huo mkopo utakuwa umepungua, na ukitaka WRX bado, itafute ile ambayo haijachezewa, ipimwe kompresheni, iwashwe injini ikiwa baridi kabisa, na uangalie kama inatoa moshi wa buluu. Iwe gari la pili. WRX ikiwa gari lako la pekee, kila ikilala gereji na wewe unalala na wasiwasi wa kufika kazini.

Na hiyo Demio usiinunue kwa macho. Hakikisha ni ya petroli. Zile za dizeli hujaa masizi, na safari fupi za mjini huzimaliza upesi. Omba karatasi ya mnada wa Japani uilinganishe na kilomita zinazoonekana, kwa sababu mita hurudishwa nyuma. Lala chini uangalie kama matuta yameikwaruza tumbo. Ijaribu hadi ibadilishe gia zote sita bila kushtuka. Tafuta rekodi yake kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ujue kama bado ina deni la benki. Pesa zisitoke mpaka jina lako liwe njiani kuingia kwenye logibuku.

Mwambie mwenye gari alilete hapa Jumamosi asubuhi. Fundi wangu ataliangalia bila malipo, na mafuta ya kuja kwake nitayalipa mimi. Akikataa kulileta, umeshapata jibu.

Baba yako nitazungumza naye mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako.