Kidole gumba cha bibi

Alikuja na mjukuu wake wa miaka 13, binti mwenye jeraha la moto mkononi, maana alikuwa ameangukia jikoni. Nilikuwa daktari mchanga katika hospitali ya wilaya, na foleni ilikuwa imejaa hadi nje. Nikamuuliza binti alijisikiaje kabla ya kuanguka. Akatikisa kichwa, hakumbuki. Bibi akainua mkono wake wa kulia, akaanza kukichezesha kidole gumba, kikidundadunda kama moyo wa kifaranga. Nikamwambia, "Bibi, naomba unisubiri nje kidogo." Akatoka, kidole bado kiko hewani. Nikaandika "kifafa", nikatoa dawa ya fenobabito, nikamwita anayefuata. Hawakurudi tena.

Baada ya miaka minne nilikuwa London, katika uwanja wa Queen Square, nikisomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Hospitali iliyopo pale ilianzishwa na Johanna Chandler na ndugu zake. Bibi yao aliyewalea alipooza, nao wakaona kwa macho yao jinsi watu wa namna hiyo walivyokosa pa kwenda. Wakachangisha fedha, na mwaka 1860 milango ikafunguliwa kwa vitanda vinane tu. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Bibi tena.

Humo ndimo alimofanya kazi daktari John Hughlings Jackson, katika enzi ambayo hapakuwa na mashine yoyote ya kuupiga picha ubongo. Alitazama, akasikiliza, akaandika. Akaona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mtikisiko huanzia kwenye kidole gumba, ukapanda kiganja, ukapita mkono, ukafika usoni, kwa mpangilio uleule kila mara. Akasema basi ndani ya ubongo mwili umepangwa sehemu kwa sehemu, na kifafa kinatembea juu ya mpangilio huo. Mwaka 1870 watafiti Fritsch na Hitzig, huko Berlin, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme, na misuli ya upande wa pili wa mwili ikacheza, jambo lililoafiki wazo lake.

Nilikuwa maktaba, usiku, nilipofika kwenye kidole gumba. Nikaweka kalamu chini. Yule bibi alikuwa amenionyesha mahali penyewe, upande wa kushoto wa ubongo wa mjukuu wake, nami nikamtoa nje.

Kifafa kinachoanzia sehemu moja ya mwili hudai swali la pili: pale pana nini? Huenda ni kovu la zamani, huenda ni uvimbe. Na huku kwetu, kwenye maeneo ambako nguruwe huzurura ovyo na vyoo ni vichache, huenda ni mabuu ya tegu yaliyojificha kwenye ubongo. Dawa niliyompa si mbaya. Fenobabito inatumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini nilituliza moshi bila kuuliza moto uko wapi, na aliyeujua alikuwa amekaa kwenye benchi ukumbini.

London nilifundishwa mengi: nyundo ya kupimia, taa ya kuchungulia jicho, namna ya kusoma picha. Hakuna lililonibadilisha kama hili. Mwenye kifafa mara nyingi hayupo wakati kifafa chake kinapotokea. Waliokuwepo ni mama, mke, kondakta, mtoto wa jirani. Wao ndio wenye habari.

Kwa hiyo sasa simwambii mtu anisimulie. Namwambia, "Nionyeshe." Wengine wanatoa simu, wamerekodi, na hapo nashukuru sana. Wengine wanaona haya. Mama mmoja alinieleza mwanawe "anaduwaa", akaduwaa mbele yangu, kope zikipepesa, kwa sekunde kumi hivi, nami nikajua mwalimu anayemwita mtoto huyo mzembe amekosea.

Wiki iliyopita mama mwingine alitandika khanga sakafuni mwa kliniki, akalala. Wanafunzi wangu wakainuka kumsaidia. Nikawazuia kwa mkono. Akakunja ngumi ya kushoto, akaunyoosha mkono, akageuza kichwa taratibu. Nikapiga magoti kando yake.

"Macho ndiyo yanayotangulia, mama?"

"Hapana, daktari. Mkono kwanza. Tazama vizuri."

Akaanza upya.