Buibui Mkubwa Hujificha Wapi Nyumbani?

Ni viumbe wachache wawezao kuwatoa mbio watu wazima usiku kama yule buibui mkubwa wa rangi ya kahawia, bapa, mwenye miguu mirefu, ambaye huonekana ukutani mara tu taa inapowashwa. Hapa kwetu Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, si mgeni. Akinyoosha miguu yake aweza kupita sentimita 10. Hukimbia upande upande mithili ya kaa, na kufumba na kufumbua ametoweka. Naam, kutoweka huko ndiko kunakowanyima watu usingizi, kwa maana kila mmoja hulala akijiuliza yuko wapi sasa.

Jambo hili lilinigusa katika msimu mmoja wa mvua, dada yangu mdogo alipokuwa amejifungua. Mumewe ni askari, na siku zile alikuwa kazini mbali na nyumbani. Usiku mmoja dada alimwona buibui juu ya kitanda, akakesha amempakata mtoto hadi alfajiri. Asubuhi jirani mwenye huruma akamletea dawa ya wadudu, iliyonunuliwa kwa mchuuzi, ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, isiyo na maandishi yoyote. Akamshauri ainyunyize chumba kizima, hata ndani ya chandarua. Nilifika kizibo kikiwa bado hakijafunguliwa.

“Dada,” nilimwambia, “mpe wifi yako mtoto akae naye uani, nasi tumtafute huyo mpangaji.”

“Kaka, na tukimkosa?”

“Tutampata, maadamu tunajua anapenda mahali gani.”

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisini, na tabia ya kueleza kwanza kabla ya kutenda haijanitoka. Buibui huyu hatandi utando wa kunasia mawindo. Ule utando wa pembeni mwa dari ni wa jamaa zake wembamba. Kwa hiyo mama anayepitisha ufagio pembeni kila Jumamosi hajamgusa kabisa. Yeye huwinda kwa mbio usiku, na mchana hujibanza. Kwa kuwa mwili wake ni bapa, hupenya ufa ambao wewe huwezi kuingiza hata kidole. Hutaka mahali penye giza, pembamba, pasipotikiswa.

Na mahali pa namna hiyo ni pengi katika nyumba zetu. Kamenge ilibomolewa vibaya katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, na watu wakajenga tena kadiri ya uwezo wao, wengi kwa matofali mabichi ya udongo. Tofali la udongo likikauka hupasuka. Mwimo wa mlango huachana na ukuta. Bati nalo halikai sawasawa juu ya ukuta, bali huacha uwazi mrefu kuizunguka nyumba nzima. Huko juu ndiko njia yake kuu.

Tulianza na kabati. Tulipolivuta, buibui hakuwapo, lakini mende walitawanyika kama watoto kengele ya shule inapolia. Nikamwonyesha dada: hicho ndicho chakula chake. Kwa nini aende kwingine? Palikuwa na gunia la maharage lililo wazi na sufuria ya jioni isiyofunikwa. Tukatazama nyuma ya madumu ya maji, chini ya godoro, na katika mikunjo ya koti la mvua lililotundikwa msumarini. Mwishowe nikaigeuza picha ya arusi ukutani. Alikuwa nyuma yake, ametulia, jike, amekumbatia chini ya kifua mfuko wa mayai uliobapa kama kifungo kikubwa. Katika mfuko mmoja waweza kutoka watoto mamia. Nilimfunika kwa bakuli, nikapenyeza jalada la daftari kati ya bakuli na ukuta, nikampeleka kwenye migomba.

Kisha tukafanya kazi yenyewe: kuziba nyufa kwa udongo, kufunika vyakula, kusogeza kitanda mbali na ukuta, na kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote. Sumu isiyojulikana jina wala kipimo ingemfikia mtoto mchanga kwa pumzi na kwa ngozi, ilhali mende wa nyuma ya kabati wangesalia.

Kuhusu kuuma, huyu buibui huuma akibanwa au akishikwa. Maumivu hukaribia yale ya nyuki, kisha hupoa. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Kidonda kikivimba zaidi siku hata siku, au mtu akipata homa, nendeni kwa mganga wa zahanati au hospitali, kwa sababu vidonda vingi vinavyosingiziwa buibui ni vya vijidudu vingine. Wapo buibui wenye sumu kali Afrika, lakini huyu wa ukutani si miongoni mwao. Wataalamu wanaamini asili yake ni Asia, akasambaa nchi za joto pamoja na shehena za meli. Linnaeus wa Sweden alimpa jina la kitaalamu mwaka 1767. Na kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, yuko mdogo mno, arukaye, ambaye watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba huchagua mbu walioshiba damu.

Askari na polisi wana maficho yao ya ziada, nayo ni buti, kofia ya chuma na mkoba. Kiatu kilicholala wima usiku kucha ni pango zuri, tena si kwa buibui tu bali hata kwa nge. Kipigwe chini kabla ya kuvaliwa, au mdomo wake uzibwe kwa soksi jioni.

Ile chupa tulimrudishia jirani kwa shukrani, tukimwomba aiandike na kuiweka mbali na watoto. Shemeji yangu aliporudi likizo alikuta buti zake za akiba zimepangwa mlangoni, kila moja na soksi mdomoni, akauliza hiyo ni amri ya kamanda gani.