Mpe Mzee Muda wa Kurudi

Msomaji mpenzi, kama una mzazi mzee anayengojea kupasuliwa, soma haya kabla siku yenyewe haijafika.

Wengi wetu twajua kwamba nusukaputi humlaza mgonjwa asihisi kisu. Lakini kuamka kwake si sawa na kuamka asubuhi. Kwanza hufumbua macho, kisha hulijua jina lake, na baadaye ndipo hutambua alipo. Dawa ya kumtuliza kama midazolam huzuia akili kuyaweka yanayotokea. Huenda mkazungumza vizuri leo, na kesho asikumbuke hata neno moja.

Kijana kwa kawaida hurudiwa na akili zake upesi. Kwa mzee, mambo ni mengine. Mwaka 1998 jarida la utabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wiki moja baada ya upasuaji mkubwa, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa amepungukiwa na kumbukumbu au uwezo wa kufikiri. Baada ya miezi mitatu, alibaki mmoja tu katika kila kumi.

Mama yangu alipopasuliwa nyonga mwaka 2017, aliniita kwa jina la marehemu dadake kwa siku tatu. Minong'ono ikaanza. Huyu anasema amerogwa, yule anataka atie kidole hati ya shamba upesi kabla hajasahau yote. Nilikataa katakata. Muuguzi alituagiza tumvalishe miwani yake, tumtajie siku na mahali alipo, na tumwache alale usiku. Wiki ya sita Mama aliuliza ni nani aliyemchinja mbuzi wake mweusi. Hakuna aliyetaja hati tena.

Kwa hivyo, mweleze daktari mapema ikiwa mzee wako ni msahaulifu au hutumia pombe. Akichanganyikiwa ghafla baadaye, mwite daktari, kwani huenda ni maambukizi, maumivu au upungufu wa hewa. Sura anazozizoea zimkae karibu. Na karatasi za mali, msomaji wangu, zifungieni sandukuni hadi mwenyewe aweze kuzisoma na kuwauliza maswali. Subira huvuta heri.