Jua la Kunduchi, Joto la Mbagala

Ukimuuliza mwenyeji wa Dar es Salaam jua huwaka lini, atakujibu: mwaka mzima. Nenda Mbagala mwezi wa Aprili.

Nilifika huko masika yakiwa yamepamba moto. Njia za mitaani zilikuwa vijito, abiria wamekunja suruali hadi magotini wakielekea kituo cha Rangi Tatu. Mashati ya shule yalitundikwa barazani, mabichi tangu jana, yameanza kunuka uvundo. Saa tano hivi wingu likapasuka, jua likatoka kali, kamba zikarudishwa uani mbiombio. Nguo hazijatoa hata mvuke, manyunyu yakaanza tena. "Aprili nguo hazikauki, baba, zinachoka kuning'inia tu," mama mwenye nyumba akaniambia. Takwimu ziko upande wake: kwa wastani Aprili hupata kama saa 5 za jua kwa siku, chache kuliko mwezi mwingine wowote.

Oktoba nilikuwa Kunduchi, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, yakaachiwa jua na upepo mpaka chumvi ijikusanye chini, nyeupe, ikikwaruza nyayo. Mwezi huo jua hukaribia saa 9 kwa siku. Si kwamba Kunduchi imeizidi Mbagala. Mbingu yao ni moja. Wala si urefu wa mchana, maana kati ya Juni na Desemba tofauti yake haifiki saa nzima. Mwamuzi ni wingu. Kwa jadi vituo vya hali ya hewa hupima saa za jua kwa tufe la kioo linalounguza mstari kwenye kipande cha karatasi ngumu: wingu likipita, mstari hukatika.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni kudhani mwezi wenye jua jingi ndio wenye joto kali. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini, na bado watu wanapumua. Adha ni Januari na Februari: kaskazi inavuma na unyevu wake, kipimajoto kinapita nyuzi 31, na usiku hauleti nafuu. Hapo ndipo Kunduchi na Mbagala huachana kweli. Kunduchi bahari iko jirani, upepo unafika. Mbagala nyumba za bati zimebanana, na watu hukaa nje hadi usiku mkubwa wakisubiri vyumba vipoe.

Julai, Nairobi hujifunika wingu zito siku nzima na watu huvaa makoti. Dar wakati huo ni kipupwe: kusi inavuma, anga jeupe, mvua haba.

Kama una nyumba ya kupaka rangi, dagaa wa kuanika au safari ya matembezi, chagua Agosti, kipupwe kingalipo. Ukilazimika kuja Februari, ulizia kwanza kama chumba kina feni.