Dengu ghalani, binti safarini

Mwezi Julai, wazazi wawili wa Ikungi walikuwa na magunia matatu ya dengu na barua ya binti yao kujiunga na kidato cha tano. Walihitaji nauli, sare na godoro. Mlanguzi alishafika na fedha mkononi.

"Tumpe tu, mama," baba alisema.

"Baba, umesahau lumbesa ya mwaka jana?"

Dengu zikaenda AMCOS. Huko hupimwa kwa mizani na kupelekwa ghalani, kisha wanunuzi hushindana bei mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), hata wakiwa mbali. Bei husomwa mbele ya wakulima, nao wana haki ya kuikataa. Huo ndio uzuri wake. Ubaya ni kwamba fedha hazitoki papo hapo, makato hutangulia, na bei haijulikani hadi siku ya mnada.

Shule haikungoja. Mama aliuza kuku sita wa kienyeji, zikapatikana nauli na sare. Binti akaondoka bila godoro. Malipo yalipoingia, yalizidi aliyotaka kutoa mlanguzi, na godoro likamfuata kwa basi wiki ya tatu.

Baba alifurahia bei. Mama alifurahi pia, ila usiku alihesabu siku ambazo mwanawe alilala kwa kubanana na mwenzake. Mwaka huu wameanza kutenga fedha ya shule kabla ya mavuno, ili dengu zingoje mnada, mtoto asingoje.